Uso wa Bibi wa Kale

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mwalimu Gatera hajasema amekuja na nini, Silvère alikuwa ameshavuta kola ya shati na kuziba pua. Ndani ya gunia lililobwagwa mlangoni mwa karakana mlikuwa na ngozi nne za mbuzi kutoka machinjioni, mbichi, hazikuanikwa wala kutiwa chumvi, na nzi walikuwa wamekwisha kuzihamia.

"Manyoya," alisema mwalimu, kama mtu aliyeleta maua. "Nataka umvalishe."

"Nimvalishe nani?"

"Bibi yako." Gatera akacheka. "Na bibi yangu pia. Bibi wa watu wote."

Silvère hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na asipoelewa jambo hulinyamazia mpaka lijieleze lenyewe. Kazi yake ilikuwa sanamu za kanisa. Alifika Kigali akiwa kijana, alipokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, na ufundi hakufundishwa na mtu. Aliupata kwa kuvunja Yosefu mmoja mzee wa parokia na kuchungulia alivyokuwa ndani. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na moja, na katika karakana yake ya Gikondo, baina ya gereji ya malori na ghala la kahawa, Bikira Maria walipanga mstari ukutani kama wanaongoja basi.

Gatera alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya wasichana inayoongozwa na masista. Alitoa mfukoni picha iliyokatwa kwenye gazeti: mifupa ya kahawia imelazwa juu ya kitambaa cheusi, mingine haipo.

"Mita moja na sentimita kumi, basi," alisema. "Mtoto wa darasa la pili. Uzito wake kilo ishirini na nane, labda thelathini. Mbuzi aliyenona! Ubongo wake ungeenea kwenye bilauri hiyo unayonywea. Mikono mirefu, vidole vimepinda kama vya mtu anayeng'ang'ania tawi. Taya limetokeza mbele, kidevu hana. Na alikuwa mtu mzima huyo, mwanamke wa kuzaa. Miaka zaidi ya milioni tatu."

"Alitembea kwa mikono?"

"Wima! Wima kama wewe. Kule Tanzania wameona nyayo za watu wa aina yake kwenye majivu ya volkano, na ukizitazama utadhani ni zako."

Silvère aliitazama bilauri yake, kisha akaisogeza mbali kidogo. Alijaribu kumwona yule bibi kwenye mawazo, mfupi, mwenye manyoya hadi mashavuni, kidomo kimechomoza, na mate yakamjaa kinywani kama mtu anayetaka kutapika. Lakini kazi ni kazi, na Sista Athanasie, mkuu wa shule, alikuwa amekubali kwa sharti moja tu, kwamba sanamu ifungwe kitambaa kiunoni.

Wakati huo huo Kankindi akatokea na udongo kichwani.

Kankindi alikuwa Mtwa, wa kabila lile dogo linalodharauliwa na wengine wote, mfinyanzi mwana wa wafinyanzi. Kila wiki alimletea Silvère udongo wa bondeni uliofungwa kwa majani ya mgomba, laini kama siagi, na bila udongo huo hapangekuwa na Bikira hata mmoja ukutani. Alitua mzigo, akakaa nje ya kizingiti palepale anapokaa siku zote, akashusha kopo la maziwa ya unga lililoning'inia kwenye msumari. Hilo lilikuwa kopo lake. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali: watu walipika maharage katika vyungu alivyovikanda kwa mikono yake na kuvilainisha kwa mate yake, wakala wakashiba, lakini kikombe kilichoguswa na midomo yake hakikunywewa tena. Pale gereji hawakumpa maji kabisa. Silvère alimpa, na kwa sababu hiyo alijihesabu mwema. Alichukua birika, akaliinua juu, akamimina kutoka mbali ili mdomo wa birika usiguse kopo, uso ameugeuza upande kidogo, kama anavyofanya siku zote.

"Asante, Bwana Siriveri. Leo hujamwaga hata tone moja," alisema Kankindi.

Gatera alikuwa amesimama akimkodolea macho. Kisha akapiga kofi.

"Huyu hapa! Silvère, huyu hapa! Mimi nahangaika na mifupa, kumbe mtu yuko mlangoni kwako!"

Akachomoa utepe wa kupimia mfukoni kama fundi cherehani. Alimsimamisha Kankindi ukutani, baina ya Bikira wawili, akampima kutoka utosini hadi kisiginoni. Akatazama namba. Akapima tena.

"Mita moja na hamsini na tatu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepunjwa sokoni.

Silvère alijua bila utepe kwamba yeye mwenyewe alimzidi mama yule kwa upana wa kiganja tu.

"Bon, sawa. Kunja magoti, mama. Kidogo tena. Mikono iache ining'inie."

"Ulisema walisimama wima," alisema Silvère polepole.

"Walisimama. Lakini wazazi wakimwona amesimama wima kama wao, wataamini?"

Kankindi alikunja magoti, huku anacheka. Aliambiwa sanamu ni ya wenye elimu, akachukulia kwamba itapelekwa Butare kwenye jumba la makumbusho, wanakokwenda Wazungu, na Butare hakuna mtu amjuaye. Zaidi ya hayo mwalimu aliahidi kununua vyungu vyake vyote vya mwezi huo. Ndipo Gatera akaweka kidole gumba chini ya mdomo wa juu wa Kankindi, akauinua, akachungulia fizi.

"Meno iko yote, mwalimu," alisema Kankindi kidole kikiwa bado mdomoni. "Unataka kuninunua ama kunichinja?"

Gatera alitoa kidole, akakifuta kwenye suruali. Akakitazama. Akakifuta tena.

Wiki iliyopita, kwenye kizuizi cha barabarani, askari mmoja alikuwa amekishikilia kitambulisho cha Silvère bila kukisoma, akamtazama pua, akamtazama urefu, kisha pua tena, kama mtu anayechagua nyanya. Hakumgusa. Lakini Silvère alipofika nyumbani alinawa uso mara mbili. Sasa alimtazama mwalimu akifuta kidole, akafikiri: mtu huyu ananichefua. Alimpa mwalimu siku ya kurudi, akaanza kazi.

Mwili haukumshinda. Alifunga mbao na waya, akapaka plasta, akairefusha mikono mpaka ikakaribia magoti. Alipofika kwenye nyayo alikumbuka lililosemwa kuhusu majivu ya Tanzania, akatumia kalibu aliyokuwa nayo, ya nyayo za Bikira, zile zinazomkanyaga nyoka, isipokuwa hapa hakumweka nyoka. Ngozi ndizo zilizomtesa. Alizikwangua mafuta, na chini ya mafuta palikuwa na funza wanene, weupe, wakijikunja kwa uvivu. Alichemsha gundi ya kwato kwenye debe, mvuke wake ukaingia kwenye nywele zake, kwenye mkate wake, hata kwenye shuka. Mafundi wa gereji walikohoa kwa makusudi kila alipopita.

"Silvère, umeoa ama umeoza?"

"Huyo bibi wa mwalimu amemhamia!"

Kankindi alikuja kila asubuhi kusimama magoti yakiwa yamekunjwa. Silvère alinakili uso wake, kwa sababu ndivyo mwalimu alivyotaka: kovu la kwenye nyusi, pengo baina ya meno ya mbele, kope ndogo nzito. Taya akalisukuma mbele, kidevu akakifuta. Kunakili alijua. Hata taya lilivyosogezwa, mtu yeyote aliyewahi kununua chungu kwa Kankindi angesema: huyu ni yeye.

Gatera alikuja Alhamisi akaizunguka sanamu, akafurahi.

"Ndiye! Sasa mwagia huo uso plasta haraka. Jumamosi wazazi wote watakuwepo, shule nzima imealikwa."

"Shule gani?" aliuliza Kankindi kutoka kizingitini.

Mwalimu aliitaja, akaondoka.

Kankindi hakunyanyuka. Kopo lilikuwa bado mkononi mwake.

"Gaju iko pale," alisema.

"Gaju nani?"

"Mtoto wa binti yangu. Huyo sista mkubwa, Athanasie, ndiye alimchukua. Anajua kusoma sana, Bwana Siriveri, anasoma mpaka karatasi za kufungia sukari. Hakuna anayejua kule kwamba iko Mtwa ila sista. Anakula nao. Analala nao chumba kimoja. Anakunywa kikombe kimoja na wao." Alilitua kopo chini. "Lakini wazazi wananunua vyungu kwangu. Wakimwona huyu Jumamosi, na huyo mtoto anafanana na mimi kama maji na maji... Jumatatu atakunywea kwenye kopo. Na mimi namjua, hatakunywa. Atarudi nyumbani."

Silvère alinawa mikono, akachukua kisu cha mbao, akauvunja uso.

Jambo ambalo hakulifikiria ni hili: mikono yake ilijua kufanya mambo mawili tu, kunakili kilicho mbele ya macho, au kufuata mazoea ya miaka kumi na tisa. Alianza upya, bila wa kumtazama. Akaweka paji la uso la chini, akaweka taya, akaanza macho. Akili yake ilikuwa kwa mtoto asiyemjua, na mikono ikaenda zake. Aliporudi nyuma kutazama, Bikira Maria alikuwa akimwangalia kwa upole, kope zimeinama, taya la nyani, manyoya ya mbuzi shingoni.

Alivunja. Alianza tena. Bikira akarudi, safari hii amesikitika zaidi.

Kankindi, ambaye alikuwa bado kizingitini, akaangua kicheko, na kicheko kilikuwa na machozi ndani yake. "Mama wa Mungu amefika kwa mbuzi! Fanya uso wa mtu mwingine tu, mtu yeyote!"

"Sijui uso wa mtu yeyote," alisema Silvère.

"Mimi najua. Sogea."

Kwa miaka yote aliyomletea udongo hakuwahi kuvuka kile kizingiti mpaka alipoitwa kupimwa, wala hakuwahi kugusa kazi. Sasa alisogeza kigoda, akatemea viganja, akaweka vidole gumba viwili kwenye udongo. Hakutumia kisu. Alisukuma, akafinya, akavuta. Silvère alisimama kando akimtazama akilowesha udongo kwa mate, na akajikuta anafuta viganja vyake mwenyewe kwenye suruali, naye akaona aibu.

Haukupita muda. Kankindi alifuta mikono kwenye khanga, akainuka.

Taya lilikuwa limetokeza kama mwalimu alivyotaka. Kidevu hakikuwepo. Lakini uso ulikuwa hai kiasi cha kutisha. Pua ilikuwa imekunjwa, mikunjo mitatu midogo kwenye mzizi wake. Mdomo wa juu umenyanyuka upande mmoja, kama unakwepa kitu. Macho yalitazama chini na pembeni kwa wakati mmoja, macho ya mtu anayefanya wema huku akishikilia pumzi.

"Ni nani?" aliuliza Silvère, ingawa kitu ndani yake kilikuwa kimekwisha kujibu.

"Huu ndio uso ninaoujua kuliko wote." Kankindi alilitazama kopo lake, si yeye. "Nauona kila nikiomba maji."

Lori liliunguruma gereji, likazimika. Silvère alikwenda kwenye kioo kidogo anachonyolea, kilichoegeshwa dirishani. Uso aliouona ulikuwa wa kawaida, wa mtu mwenye haya, mtu mwema. Akajilazimisha kufikiria: birika juu, kopo chini, midomo ile. Akakiona kioo kikikunja pua. Mikunjo mitatu.

Aliyafikiria mate yake mwenyewe, na jasho lake, na kile kidole cha mwalimu kilichofutwa mara mbili kwenye suruali, naye akachefuka. Funza wa kwenye ngozi hawakumchefua hivyo. Mkono ulishika kisu cha mbao. Angeweza kuuvunja uso huu pia. Mapadri wote wa Kigali walimjua. Mtu mmoja tu akiutambua, angekuwa mchongaji wa Bikira aliyejiweka kwenye mwili wa nyani. Ila uso mwingine wa kuweka haukuwepo, wala wazo lingine, na kesho yake plasta ilipaswa iwe imekauka. Kankindi hakumsihi. Alikuwa amerudi nje ya kizingiti, ameketi.

Silvère aliweka kisu chini, akaanza kukoroga plasta.

Jumamosi bwalo la shule lilijaa. Bibi wa kale alisimama juu ya meza, mfupi kuliko watoto waliomzunguka, na kitenge cha Sista Athanasie kimemfunga kutoka kiunoni hadi magotini kana kwamba amealikwa harusini. Chini ya kitenge zilionekana nyayo safi za Bikira. Harufu ya mbuzi ilipanda na joto.

"Nilikwambia uso wa yule mama!" Gatera alimnong'oneza Silvère kwa ukali, huku akiwatabasamulia wazazi.

"Niliuvunja."

"Na huyu ni nani?"

"Mtu aliyekuwa karibu."

Mwalimu alitaka kuendelea, lakini watu walikuwa wameshaanza kuuliza, ikabidi aeleze: mita moja na kumi, kilo ishirini na nane, ubongo wa kuenea kwenye bilauri. Mama mmoja mnene aliyevaa lulu aliziba pua kwa leso.

"Yesu wangu. Huyu ndiye bibi yetu? Kinyaa kitupu."

"Lakini mbona anatutazama hivyo?" aliuliza mumewe. "Mtazame vizuri. Kama sisi ndio tunaonuka."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafifia kabla ya wakati wake. Waliokuwa mbele walirudi nyuma hatua. Mzee mmoja alijinusa bega kwa siri. Mama wa lulu alishusha leso, akamtazama bibi wa kale, na pua yake mwenyewe ilikuwa imekunjwa vilevile, mdomo umenyanyuka vilevile, mpaka mtu angesema ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyetaja vyungu. Hakuna aliyetaja jina la Kankindi.

Silvère aliwatafuta wasichana kwa macho. Hakuhitaji kuonyeshwa. Mmoja wao alikuwa na kope ndogo nzito na pengo baina ya meno, amesimama katikati ya wenzake wawili, na soda moja ilikuwa ikizunguka baina yao watatu, chupa kutoka mdomo hadi mdomo. Gaju aliitazama sanamu. Akainamisha kichwa upande. Kisha akageuka, macho yakampata Silvère aliyejibana karibu na mlango, yakarudi kwenye sanamu, yakamrudia tena. Akamwachia mwenzake chupa, akaja.

"Tonto," alisema kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, kama mtoto anavyomwita mjomba. "Huo uso nyumbani tunaujua. Bibi yangu huwa anatuigizia, anashika birika juu hivi. Tunacheka mpaka tunaumwa mbavu."

Silvère alitaka kuomba radhi, lakini mbele ya watu wale kila neno la radhi lingemtaja mtoto ni nani.

"Anaigiza vizuri," alisema.

"Sana," alisema Gaju, akarudi kwa wenzake, akapokea chupa.

Jumatano Kankindi alikuja na udongo kama kawaida. Akatua mzigo, akakaa nje ya kizingiti, akanyoosha mkono kwenye msumari. Msumari ulikuwa mtupu. Silvère alitoka na kikombe cha kauri, kile anachonywea chai yeye mwenyewe, amekiosha.

Kankindi alikigeuza mkononi. Alikichungulia ndani. Akakinusa.

"Nani amekunywa humu?"

"Mimi."

"Ee, Bwana Siriveri." Akakirudisha, vidole viwili vimeshika mkono wa kikombe, pua imekunjwa kidogo, na haikujulikana kama anaigiza ama hapana. "Mtu anayelala na ngozi za mbuzi. Hapana. Nipe kopo langu."

Silvère aliingia ndani akalitafuta kopo chini ya meza, akalisuza, akalileta. Alichukua birika. Akachuchumaa mpaka akawa sawa na yeye, akashusha birika mpaka likakaribia kopo, maji yakaanza kutoka. Kisha akakumbuka uso wake. Hakujua unafanya nini. Alijaribu kuulegeza, akahisi pua inagoma. Akajaribu kutabasamu, tabasamu likatoka kama la Bikira.

Kankindi alinyanyua macho, akamtazama hivyo, taratibu, kama anavyoutazama udongo ambao bado haujawa tayari.

"Mimina tu," alisema. "Maji yanamwagika."